Aliye Juu Mngoje Chini: Mwongozo wa Kufunga Supachaja Nyumbani kwa Wakazi wa Mbeya na Iringa

Ikiwa umepata kuendesha gari lako kutoka Dar es Salaam hata Mbeya, ukapita Morogoro na Mikumi, ukapanda Kitonga, ukanywa chai Iringa, kisha ukashika njia ya Mafinga na Makambako mpaka mlima Loleza ukatokea mbele yako, bila shaka umehisi kwamba gari lililokuwa jepesi pwani limekuwa zito huku juu, ilhali fundi ni yule yule na petroli ni ile ile. Sababu yake ni hewa. Pwani hewa hukandamiza kwa paundi 14.7 katika kila inchi ya mraba. Mbeya, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hukandamiza kwa paundi 12 hivi. Na Iringa, uliozidi mita 1,500, hauko mbali na hapo. Injini ivutayo hewa kwa pumzi zake yenyewe hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo gari lako la Mbeya limekwisha kupoteza karibu sudusi ya nguvu zake kabla hujakanyaga mafuta.

Si ajabu, basi, kwamba wapenda magari wa Nyanda za Juu Kusini, hasa wenye Mark II, Chaser na Altezza, huingiwa na hamu ya kurudishiwa kilichochukuliwa na mlima, na kuongezewa. Mwongozo huu ni kwa yule aliyekwisha kuamua kuifanya kazi hiyo katika ua wa nyumba yake, ana spana na subira, na anataka gari lake liwe na nguvu na pia lidumu.

Supachaja ni nini, na kwa nini yafaa uijue kabla ya kuinunua

Supachaja ni pampu ya hewa izungushwayo kwa mkanda kutoka puli ya krankshafti, ikaishindilia injini hewa nyingi kuliko ile ambayo ingeivuta yenyewe. Na penye hewa zaidi petroli zaidi huweza kuungua, na nguvu huzidi. Hupambanuka na tabo kwa kuwa tabo huendeshwa na moshi utokao, na supachaja huendeshwa na injini moja kwa moja, ndiyo maana huitikia papo hapo ukanyagapo mafuta. Asili yake ni ya zamani: ndugu wawili wa jimbo la Indiana, Marekani, Philander na Francis Roots, walipata hataza ya pampu yao ya hewa mwaka 1860, na muundo wao ungali ukitumika katika magari hata leo. Baadaye marubani waliihitaji kwa dhiki ile ile inayokupata wewe Mbeya, yaani hewa nyepesi ya juu.

Zipo aina tatu. Ya Roots na ya parafujo mbili hukaa juu au kando ya injini na hutoa nguvu tangu mzunguko wa chini, jambo linalofaa katika miinuko. Ya tatu, ya feni, hufanana na tabo kwa sura na hutoa nguvu zake katika mizunguko ya juu. Kwa njia za milima, ambako gari hutoka katika kona kwa mwendo mdogo na kukabili mwinuko papo hapo, aina mbili za kwanza zina faida.

Kuna somo kubwa katika kazi ya watengenezaji wenyewe. Toyota walipotoa injini ya 4A-GZE mwaka 1986, hawakuichukua 4A-GE na kuibandika supachaja tu, bali walipunguza uwiano wa mgandamizo ukawa 8 kwa 1, na wakaipa pistoni za kufuliwa, zenye kustahimili zaidi. Ikiwa mwenye kiwanda aliona haja ya kufanya hivyo, mwenye ua wa nyumba hana budi kuwa na staha.

Jambo moja la kushika kuliko yote

Wahenga walinena: aliye juu mngoje chini. Hapa wasia huo ni hesabu kamili. Supachaja husukuma ujazo ule ule wa hewa kwa kila mzunguko, iwe Mbeya au Bandarini; kinachobadilika ni uzito wa hewa inayoingia. Kwa hiyo geji ya Mbeya husema kidogo, na geji ya pwani husema kingi, ingawa hakuna boliti iliyoguswa.

> KISANDUKU CHA HESABU
> Supachaja inayozidisha hewa mara 1.5:
> – Mbeya: 12 × 1.5 = 18; toa 12, geji husoma paundi 6.
> – Dar es Salaam: 14.7 × 1.5 = 22; toa 14.7, geji husoma paundi 7 na zaidi.
>
> Mwenye gari asiyeridhika na 6, akafunga puli ndogo ili apate paundi 8 akiwa Mbeya, amezidisha hewa karibu mara 1.67. Akifika Dar es Salaam geji yake itasoma karibu paundi 10, na joto la pwani juu yake.

Wala huhitaji kwenda Dar es Salaam ili uadhibiwe. Toka Uyole, panda Isongole, teremka Tukuyu hata Kyela ulio karibu na Ziwa Nyasa, na katika safari isiyomaliza asubuhi moja utakuwa umeshuka zaidi ya mita 1,000 na kuingia katika hari. Mtu wa Iringa hukutwa na hayo ashukapo Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni. Injini iliyoonekana salama mwaka mzima huko juu huanza kugonga, yaani petroli hulipuka kabla ya wakati wake kwa mlio kama wa kokoto katika kopo, na kugonga huko ndiko kunakovunja pistoni na kuifanya injini inoki. Kwa hiyo kanuni ya mwongozo huu ni hii: chagua puli, petroli na vipimo kwa hewa ya chini, nawe ridhika na kile utakachobakishiwa huku juu.

Je, gari lako linastahili?

Kabla ya kutoa senti, pima hali ya injini, kwa maana supachaja haiponyi maradhi bali huyafichua.

1. Pima mgandamizo wa kila silinda injini ikiwa na joto. Usishtuke ukiona tarakimu zako za Mbeya ni pungufu kuliko za kitabu cha gari, kwa kuwa silinda nazo huvuta hewa nyepesi. La kutazama ni tofauti baina ya silinda na silinda, nayo isizidi paundi 14 hivi.
2. Chunguza kama oili hupungua, kama bomba la moshi hutoa moshi wa buluu, na kama maji ya rejeta hupotea bila kuonekana yanakokwenda. Likiwapo mojawapo, tengeneza hilo kwanza.
3. Fahamu uwiano wa mgandamizo wa injini yako. Altezza yenye 3S-GE ya Dual VVT-i ina 11.5 kwa 1, nayo ni injini hodari kwa jinsi ilivyo lakini ni mwenzi mgumu wa supachaja. Injini yenye 10 kwa 1 ambayo haijafunguliwa usiipe zaidi ya paundi 5 au 6, zihesabiwe kwa hewa ya pwani.
4. Ikiwa gari lako lilitoka kiwandani na tabo, kama zilivyo Subaru nyingi tuzionazo, mwongozo huu si wako.
5. Kagua breki, tairi na klachi. Gari lipandalo haraka litateremka Kitonga au Mlima Nyoka nyuma ya malori ya njia ya Tunduma, na hapo ni breki zitakazosema.

Vitu vya kuandaa

Nunua seti iliyotengenezwa kwa injini yako hasa, yenye vishikizo na puli zake, kuliko kukusanya vipande vya magari mbalimbali, kwa sababu kishikizo kilichochomelewa kwa kukisia hupinda, mkanda huruka, na hasara hufuata. Ukinunua supachaja iliyotumika, mathalan iliyotoka katika Mercedes-Benz ya Kompressor, izungushe kwa mkono: isikwaruze, isichezecheze katika beringi, wala isivuje oili.

> ORODHA YA VITU
> ☐ Supachaja, vishikizo, puli, mkanda na kikaza mkanda
> ☐ Kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula, na mabomba yake
> ☐ Vali ya kupitisha hewa pembeni uachapo mafuta
> ☐ Nozeli kubwa zaidi na pampu ya petroli inayozimudu
> ☐ Plagi zenye ubaridi wa daraja moja zaidi
> ☐ Sensa ya shinikizo inayoweza kusoma zaidi ya hewa ya kawaida
> ☐ Kontroboksi inayoweza kupangwa upya
> ☐ Geji ya shinikizo, na geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli
> ☐ Gasketi mpya, klipu imara, oili, na maji ya rejeta yenye dawa
> ☐ Spana ya kupimia ukazaji, jeki, stendi nne na kizima moto

Wengi hutoa fedha zote kwa supachaja, kisha hukosa za nozeli na kontroboksi. Huko ni kununua jembe bila mpini. Hewa iliyozidi bila petroli iliyozidi huchoma pistoni kwa muda mfupi kuliko ulioutumia kuifunga.

Mahali pa kazi, na hadhari za nyumbani

Udongo wa Mbeya, ambao aghalabu ni majivu ya volkano, ni laini. Stendi ya chuma iliyowekwa juu yake huzama upande mmoja, na gari huanguka. Weka mbao nene chini ya kila stendi, litikise gari kabla ya kuingia chini, wala usiingie kamwe chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Miezi ya Juni na Julai baridi ya Nyanda za Juu hukaza vidole, na desturi ya watu wetu ni kuwasha jiko la mkaa karibu. Siku ya kazi hii usifanye hivyo. Mvuke wa petroli hutambaa chini kutafuta moto, na katika banda lililofungwa moshi wa mkaa usioonekana huua watu kimyakimya. Vaa koti zito, fungua mlango, na jiko liache jikoni.

Hatua za kufunga

Zigawe kazi hizi katika siku mbili au tatu, wala usianze jioni.

1. Osha na upige picha. Osha injini, iache ikauke, kisha piga picha kila waya na kila mpira kabla ya kuugusa, na kuutia alama kwa karatasi ya kunata. Picha ya simu itakukumbusha lile ambalo akili itaapa kuwa inalikumbuka.

2. Punguza shinikizo la petroli. Chomoa fyuzi ya pampu ya petroli, washa injini mpaka izime yenyewe, ndipo utoe waya hasi wa betri.

3. Fungua njia. Injini ikiwa imepoa, mwaga maji ya rejeta katika karai na uyahifadhi mbali na watoto, mbwa na kuku, kwani dawa yake ni tamu nayo ni sumu. Toa mikanda, kichujio cha hewa, na manifoldi ya kuingizia hewa kama seti yako inaidai.

4. Ziba matundu yote. Mara manifoldi itokapo, ziba kila tundu la silinda hedi kwa kitambaa safi, na uvihesabu vitambaa. Nati moja ikiangukia ndani itagharimu injini nzima; nacho kitambaa kilichosahauliwa ni nduguye.

5. Tia nozeli, pampu na plagi mpya. Paka oili nyepesi katika mipira ya nozeli ili isikatike. Punguza mwanya wa plagi ufike milimita 0.7 hivi, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa huweza kuuzima mwale wa moto.

6. Funga vishikizo na supachaja. Kaza boliti zote kwa mkono kwanza, kisha kwa spana ya kipimo kwa tarakimu za kitabu cha seti, ukianzia katikati na kwenda nje.

7. Sawazisha puli. Weka rula ya chuma iliyonyooka kutoka puli hadi puli. Tofauti ipitayo milimita 1 hula mkanda na kuutupa, hivyo usiseme utanyooka wenyewe. Kaza mkanda kama kitabu kisemavyo: ukilegea hulia na kuteleza, ukikazwa mno huua beringi.

8. Funga intakula na mabomba. Hewa ikishindiliwa hupata moto, na hewa ya moto ndiyo mama wa kugonga. Weka intakula panapopata upepo wa mbele. Ukimaliza, ziba mdomo wa bomba, jaza upepo wa paundi 5 kwa pampu ya tairi, upake maji ya sabuni katika kila kiungo. Penye mapovu pana uvujaji.

9. Funga kichujio kizuri cha hewa. Vumbi la kiangazi, hasa ukielekea Usangu, huyakwaruza mapanga ya supachaja kama msasa. Usiache mdomo wazi kwa sababu ya kupenda mlio.

10. Unganisha sensa, geji na vali. Waya zote zipite mbali na bomba la moshi na mbali na mkanda.

11. Jaza oili na maji, toa hewa. Kwa mwinuko wa Mbeya maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta, ambacho hulinda shinikizo na kuzuia kuchemka, kiwe kipya na kikaze. Usikifungue injini ikiwa ya moto.

12. Washa kwa adabu. Kwanza rudisha waya hasi wa betri, kisha zungusha injini kwa stata bila kuiwasha mpaka taa ya oili izime. Rudisha fyuzi, fungua swichi, tazama kama petroli inavuja popote. Ndipo uwashe, uiache ingurume taratibu, na usikilize kwa dakika 10 bila kukanyaga.

Kupanga kontroboksi: hapa itafute mkono wa fundi

Hatua zote za juu zaweza kufanywa na mtu makini nyumbani. Hii mwachie mwenye kompyuta na uzoefu, hata kama itakubidi umngojee mwezi mzima. Kontroboksi hufuata jedwali: katika kila shinikizo na kila mzunguko, kiasi hiki cha petroli na wakati huu wa kuwasha plagi. Gari linalopangwa Mbeya hufikia baadhi tu ya safu za jedwali hilo. Safu za shinikizo kubwa, zitakazotumika Kyela au Dar es Salaam, hazijapata kuguswa, na aghalabu zimejazwa kwa kukisia. Mwambie fundi wako haya waziwazi, na mwombe mambo manne:

1. Safu za shinikizo kubwa zipewe petroli ya kutosha, mchanganyiko uwe karibu na 11.5 za hewa kwa 1 ya petroli chini ya mzigo.
2. Wakati wa kuwasha plagi urudishwe nyuma. Kianzio cha salama ni nyuzi 1 kwa kila paundi 1 ya shinikizo.
3. Kuwe na kikomo: shinikizo likipita kiasi mlichokubaliana, kontroboksi ikate petroli yenyewe.
4. Mshuke pamoja hata Kyela, au hata Ruaha Mbuyuni, kompyuta ikiwa imeunganishwa, yeye akitazama kioo na wewe ukikanyaga kidogo kidogo, ili zile safu zisomwe na kusahihishwa.

Tumia petroli ya okteni ya juu unayoweza kuipata, kutoka kituo kimoja unachokiamini. Tangu 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huagiza vinasaba vitiwe katika mafuta ili uchakachuaji ujulikane. Hata hivyo petroli ya madumu kando ya njia usiitie katika gari hili hata kwa dharura ndogo.

Kilomita 500 za kwanza

Kilomita 100 za mwanzo endesha bila kuiacha geji ipite sifuri. Kisha simama, kaza klipu upya, tazama mkanda, oili na maji. Kutoka hapo ongeza mzigo polepole, na ufikapo 500 badilisha oili na usome plagi: rangi ya kahawia hafifu ni njema, nyeupe kama chokaa, au yenye vidoa vinavyometa, yakwambia injini imepata joto la kuua, basi simamisha gari.

> MAKOSA YA KAWAIDA
> – Kufunga puli ndogo ili geji ya Mbeya isome kama ya pwani.
> – Kudhani kwamba baridi ya Iringa inatosha badala ya intakula.
> – Kuongeza shinikizo la petroli tu, bila kubadili nozeli.
> – Kujaribu mwendo katika barabara kuu; mipaka ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na malori hayana pa kukukwepea.
> – Kunyamaza mbele ya kampuni ya bima. Nguvu zimebadilika, na bima iliyofichwa hilo yaweza kukataa kulipa siku ya ajali.
> – Kusahau kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inakutaka wewe, si fundi, uhakikishe gari lifaa kuwa barabarani.

Orodha ya mwisho kabla ya kushuka mlima

☐ Mkanda umekaza, haulii
☐ Hakuna harufu ya petroli
☐ Maji na oili vimejaa
☐ Kikomo cha shinikizo kimejaribiwa
☐ Breki hushika bila kuvuta upande
☐ Unajua geji yako itasoma paundi ngapi utakapofika chini

Hilo la mwisho ndilo nikuombalo ulitie maanani. Chukua kipande cha karatasi ngumu, uandike juu yake namba ya puli, paundi za Mbeya, paundi za pwani na aina ya petroli, kisha ukibandike ndani ya boneti mahali pasipopata moto. Magari huuzwa, na atakayelinunua lako Mwanjelwa au Kihesa huenda siku moja akateremka nalo Kitonga akiwa na watoto wake kiti cha nyuma. Asomapo karatasi hiyo atajua mapema kinachomngoja chini.